Haki ya Kumcheka Mkubwa: Tarehe ya Mzaha wa Siasa, Kutoka Mahakama ya 1958 Hadi Vijiwe vya Lipangalala

Mwezi wa Agosti 1958, katika mahakama ya Dar es Salaam, Julius Kambarage Nyerere, rais wa chama cha TANU, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali ya kikoloni, wakuu wa wilaya ambao mwenendo wao aliushutumu katika jarida dogo la chama lililoitwa Sauti ya TANU. Na hakimu akampa hiari ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kukaa kifungoni miezi sita, naye akalipa. Maneno yaliyomponza hayakuwa ya mzaha, walakini hoja iliyosimamishwa dhidi yake ndiyo ile ile ambayo tangu siku hizo imesimamishwa dhidi ya mchora katuni, mwigizaji na kila asemaye kweli kwa njia ya kicheko: kwamba mamlaka yana adhama yake, na kwamba anayeipunguza adhama hiyo mbele ya raia huitikisa amani ya nchi. Miaka mitatu na kitu baadaye mshtakiwa alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru, lakini hoja iliyomtia hatiani haikuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza. Ilibaki, ikapata watetezi wapya.

Watetezi hao ndio wahafidhina wa siasa yetu, na kila zama imekuwa nao. Zama za Gavana Twining walikuwa wasemaji wa United Tanganyika Party, chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za serikali ili kuizuia TANU, wakaonya kwamba umma haujakomaa kiasi cha kuwahukumu wakubwa wake. Zama za chama kimoja walikuwa makada waliokuwa na jibu kabla swali halijaulizwa. Leo wako redioni, kwenye runinga na ndani ya simu zetu, na vijana huwaita chawa. Hoja yao wanayoipenda kuliko zote ni ya mila: husema kwamba Mwafrika hamcheki mkubwa wake, na kwamba kejeli dhidi ya viongozi ni tabia ya kigeni iliyoletwa na vyama vingi na intaneti. Mimi ni muumini wa uhuru wa fikra, na nasema bila kificho kwamba hoja hii ni batili, na ushahidi wa ubatili wake umo katika bonde hili la Kilombero.

Mila yenyewe ndiyo iliyoihalalisha dhihaka na kuiwekea sheria. Bonde letu lilipitiwa na misukosuko ya karne ya 19: Wambunga, ambao chanzo chao kinahusiana na safari na vita vya Wangoni, waliingia nchi ya Ifakara na kukaa karibu na Wandamba wavuvi na Wapogoro wakulima, na kutoka nyanda za juu Wahehe waliteremka kwa mikuki. Wahehe na Wangoni walimwagiana damu nyingi. Na wajukuu wa mashujaa hao, badala ya kurithishana kisasi, walirithishana utani. Mtani humwita mtani wake mwizi, mlafi, mtumwa wa babu yake, humnyang'anya kuku mchana kweupe, huja msibani akaigiza marehemu alivyotembea na alivyokoroma, hata wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Na anayekasirika ndiye mwenye hatia, hutozwa. Cheo si kinga. Ndani ya nyumba nako mjukuu humtania babu na bibi, akamwambia mzee wa miaka 80 maneno ambayo baba yake mzazi hathubutu kuyatamka. Basi ni mila ya nani hiyo inayosema kwamba mdogo hamcheki mkubwa? Aghalabu wanaoihubiri ni watu waliolelewa na bibi zao kama tulivyolelewa sisi.

Utani, hata hivyo, una sharti, na tarehe ya Zanzibar inaonyesha gharama ya kulivunja. Katika ile miaka ya kabla ya mapinduzi ambayo Wazanzibari huiita Zama za Siasa, vyama vya Hizbu (ZNP), Afro-Shirazi na baadaye ZPPP viligawana si kura tu bali maduka, mabasi na hata mazishi. Watu wa chama hiki walisusa kununua kwa watu wa chama kile, na majirani waliokuwa wakizikana wakaacha kuzikana. Magazeti na majukwaa yalijaa vijembe, na vijembe hivyo viliacha kulenga matendo ya viongozi vikalenga nasaba za watu: nani mwenyeji, nani mgeni, nani mtoto wa nani. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa mkali hata jimbo la Chake Chake likaamuliwa kwa kura moja. Na uliporudiwa mwezi wa Juni mwaka huo huo, fujo zilizozuka ziliua watu 68. Wahafidhina huutaja msiba huo kama hoja ya kunyamazisha kejeli yote. Mimi naona kinyume chake. Kilichoua Zanzibar si kicheko dhidi ya wenye mamlaka, bali ni dharau dhidi ya asili ya jirani, dharau ambayo mara nyingi ilichochewa na wakubwa wenyewe waliotaka kura, na ambayo haikuwa na mtani wa kuirudishia upande wa pili kwa haki iliyo sawa.

Huku bara ushindani ulikwisha mapema. Katika uchaguzi wa urais wa 1962 Zuberi Mtemvu wa African National Congress alisimama dhidi ya Nyerere akapata kura kama elfu 21, mwenzake akapata zaidi ya milioni 1.1, na 1965 sheria ikaifanya TANU kuwa chama pekee Tanganyika. Hapo ndipo mzaha ulipopata kazi ambayo chama cha upinzani hakikuwapo tena kuifanya. Uchaguzi wa Septemba 1965 uliwapa wapiga kura wa karibu kila jimbo wagombea wawili wa chama kile kile, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Na kwa kuwa wagombea hawakuruhusiwa kugombana juu ya sera, wala juu ya kabila, rangi na dini, mabishano yaliingia katika alama zenyewe. Jembe lilisifiwa kwamba ndilo linalolisha, nyumba ikatetewa kwamba mlimaji naye hurudi kulala. Ni jambo la kustaajabisha na la kuheshimika kwamba umma uliofungiwa mlango wa hoja uliipata hoja katika picha mbili, na katika uchaguzi huo huo ukamwangusha Paul Bomani, waziri mwenye jina kubwa.

Kicheko kiliingia hata katika gazeti la chama. Wasomaji wa Uhuru wa miaka ile wanamkumbuka Chakubanga, mhusika wa katuni wa Christian Gregory, ambaye kwa vituko vyake mtu wa kawaida alijiona, akamwona na bwana mkubwa wa mtaani kwake. Baadaye likaja jarida la Sani, lililopata jina kutoka kwa waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambamo kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 angali kijana, ilifundisha kizazi kizima cha wachoraji. Kutoka katika shule hiyo isiyo na jengo walitoka wengi waliofuata, na mmoja wao, Godfrey Mwampembwa aitwaye Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi 1992 akawa mchora katuni za siasa mashuhuri kuliko wote katika Afrika Mashariki. Huko Kenya kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, jambo ambalo miaka michache kabla yake lingempeleka mtu kizuizini, na mmoja wa waigizaji hao, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge 2017. Marekani nayo ilimwona Al Franken, mchekeshaji wa upande wa waliberali aliyeandika kitabu kizima 1996 kumkejeli Rush Limbaugh, mtangazaji wa wahafidhina, akiingia katika Seneti 2009.

Vyama vingi viliporudi kwetu tarehe 1 Julai 1992, havikurudi kwa matakwa ya wengi. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imekuta kwamba takriban watu 8 katika kila 10 waliohojiwa walipenda chama kimoja kiendelee. Lakini 1995 watu walikwenda mikutanoni kama waendao arusini. Waliisukuma gari ya mgombea urais Augustine Mrema kwa mikono, wakamwita mgombea mwenzake John Cheyo Bwana Mapesa naye akalipokea jina kwa furaha. Benjamin Mkapa wa CCM, chama kilichorithi TANU, alishinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Na Mwalimu Nyerere, akiwa nje ya Ikulu, alisimama Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka huo akawachekesha maelfu kwa habari za walafi wa madaraka, wakiwamo wa chama chake mwenyewe. Hakuna kada aliyethubutu kumwambia kwamba anaishushia nchi hadhi.

Katika Lipangalala, kata hii ya mji wa Ifakara ambayo maji ya mto Lumemo huiingia masika yanapozidi, siasa ya vyama huishi vijiweni, kwenye kahawa, drafti na maegesho ya bodaboda. CCM ilipotangaza 2011 kwamba inajivua gamba, wafuasi wake wakaitwa magamba. Nao wakawaita wapinzani wao wa Chadema magwanda, kwa zile nguo za kaki. Jimbo la Kilombero limewapa wote sababu ya kucheka na sababu ya kulia. Regia Mtema wa Chadema aligombea hapa 2010, akashindwa na Abdul Mteketa wa CCM, akaingia bungeni kwa viti maalumu. Alipokufa kwa ajali ya gari tarehe 14 Januari 2012, alizikwa Ifakara, na siku hiyo gamba na gwanda hayakutajwa. Mwaka 2015 Peter Lijualikali wa Chadema alilitwaa jimbo. Januari 2017 alifungwa miezi sita kwa kesi iliyotokana na vurugu za uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri, na Machi Mahakama Kuu ikamwachia huru. Mwaka 2020 alihamia CCM, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Nkasi.

Msomaji anaweza kukisia jinsi vijiwe vilivyoipokea habari hiyo: magwanda walitaniwa kwa kumbeba mabegani, magamba wakataniwa kwa kumpokea mtu waliyemsema vibaya miaka mitano. Mzaha ulizipiga pande zote mbili, na ndiyo maana haukuvunja urafiki. Nimewasikia wachambuzi wa mbali wakieleza kuhama kwa wanasiasa kwa nadharia ndefu, na sijasikia maelezo yaliyo wazi kuliko ya muuza kahawa.

Walakini sheria zilikuwa zimekwisha kubadilika. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilisimamishwa nchini, baada ya katuni ya Gado juu ya Rais Kikwete kuudhi wakubwa, na mwaka huo ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, ambayo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa kwa picha aliyoibadilisha sura yake na ya Rais Magufuli. Mei 2020 akakamatwa tena, safari hii kwa kuicheka picha ya zamani ya Rais huyo akiwa katika suti pana. Kucheka tu.

Tarehe 6 Septemba 2024 Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, aliteremshwa kwa nguvu kutoka kwenye basi, na maiti yake ikaokotwa. Mwanzoni mwa Oktoba gazeti la The Citizen lilitoa katuni ya video iliyomwonyesha kiongozi wa nchi akibadilisha stesheni za runinga, na kila stesheni ina watu wanaolilia ndugu zao waliopotea. Mamlaka ya Mawasiliano ikasitisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa gazeti hilo, kwa siku 30, ikisema maudhui hayo yanaathiri umoja wa kitaifa. Wasemaji wa serikali na wapambe wao walitetea adhama ya kiti. Katuni ile haikuchekesha mtu. Ilitumia ala ya mzaha kuuliza waliopotea wako wapi, na swali hilo raia yeyote, gamba au gwanda, ana haki ya kuliuliza hadi wenye mamlaka watakapolijibu kwa majina.