Mkimbiaji Katikati ya Mizabibu

Mtu anayekimbia katikati ya mizabibu anapita ndani ya kazi ya mwenzake. Kila mche pale umepogolewa kwa mkono, na kijia kilicho kati ya safu na safu kimeachwa ili trekta au mvunaji apate kupita. Ndiyo maana, nikisoma habari za mbio katika nchi za vilima na mvinyo, siulizi kwanza urefu wa njia wala ukali wa mlima. Nauliza ni nani aliyemruhusu mkimbiaji apite. Hapo ndipo Wajerumani wa Pfalz, Waswisi wa Lavaux na watu wa Stellenbosch wanapoachana, ijapokuwa wote wana mlima, zabibu na jua la kutosha.

Pfalz iko kusini-magharibi mwa Ujerumani. Barabara ya Mvinyo ya huko, iliyozinduliwa mwaka 1935, ina urefu wa kilomita 85 hivi, kutoka Bockenheim hadi Schweigen, mpakani na Ufaransa. Mashariki yake ni tambarare ya mto Rhein. Magharibi ardhi inainuka ghafla kuwa vilima vya Haardt, na nyuma ya vilima hivyo umetanda Pfälzerwald, mmoja wa misitu mikubwa kabisa ya Ujerumani. Anayetoka kijiji cha Maikammer alfajiri huanza juu ya lami nyembamba ya wakulima, jua likimchomozea mgongoni. Baada ya mwendo mfupi mizabibu inakoma, naye anaingia kwenye kivuli cha michestinati. Miti hiyo ina historia yake: wakulima wa zamani waliitunza ukingoni mwa msitu kwa sababu mbao zake haziozi upesi, wakazichonga nguzo za kuegemezea mizabibu. Msitu na shamba vilikuwa uchumi mmoja, na mkimbiaji anauvuka wote kabla jasho halijamkauka. Juu zaidi njia inakuwa mchanga mwekundu uliomomonyoka kutoka kwenye miamba, laini kwa magoti, hadi kileleni Kalmit, mita 673 juu ya usawa wa bahari.

Hakuna anayemwuliza anakokwenda. Sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kwa ajili ya kujiburudisha, hata msitu ukiwa mali ya mtu binafsi. Akiteguka mguu, ni juu yake mwenyewe. Kwenye mizabibu mambo ni ya ujirani zaidi. Njia za wakulima ziko wazi karibu mwaka mzima, lakini zabibu zikikaribia kuiva baadhi ya vijiji huzifunga, na mkimbiaji anayejua adabu hutafuta njia nyingine bila kununa.

Kuna jambo jingine la Pfalz ninalolipenda kwa dhati, nalo ni vibanda vya msituni. Chama cha Pfälzerwald-Verein, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilichora alama za njia kwenye miti na kujenga nyumba za kupumzikia, na nyingi kati yake mpaka leo zinaendeshwa na wanachama wanaojitolea. Mwenye jasho anakaa benchi moja na bibi aliyepanda taratibu na mjukuu wake. Mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi huletwa katika glasi ya nusu lita yenye vishimo vya mviringo pande zote, ili isiteleze mkononi, na mara nyingi glasi hiyo moja huzungushwa mezani kwa watu kadhaa. Asiyekunywa mvinyo huagiza juisi ya zabibu, naye ni mgeni kama wengine.

Lavaux ni eneo jingine lenye ada nyingine. Hapa mlima unaanguka karibu wima kuingia Ziwa Geneva, na mizabibu imeshikiliwa na kuta za mawe zilizopangwa ngazi juu ya ngazi. Kazi hiyo ilianza na watawa katika karne ya 11 na ya 12, na familia za wakulima zimeiendeleza tangu wakati huo. Watu wa huko husema zabibu zao zinaiva kwa majua matatu: la mbinguni, linaloakisiwa na ziwa, na lile ambalo mawe hulihifadhi mchana na kulitoa usiku. Mkimbiaji anayepita kati ya kuta hizo jioni ya kiangazi analihisi hilo la tatu kwenye mashavu ya miguu yake.

Kutoka Lutry hadi Saint-Saphorin ni kilomita 11 hivi, na mwendo wake haufanani na wa Pfalz hata kidogo. Kuna kinjia cha saruji kinachoambaa na mlima, kisha ghafla ngazi za mawe zinapanda kati ya kuta mbili, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kando ya ngazi hizo hupita reli moja ya chuma. Juu yake kitoroli chenye injini hupandisha kreti za zabibu, kwa kuwa trekta haliwezi mteremko ule. Wakati wa mavuno kitoroli kikianza kunguruma, anayekimbia husimama. Hakuna kibao kinachomwamuru. Anaona tu migongo iliyoinama pale juu, na inatosha.

Uwazi wa Lavaux ulipiganiwa. Katika miaka ya 1970 nyumba za kifahari zilikuwa zinatambaa kutoka Lausanne na Vevey, na mwaka 1977 wananchi wa jimbo la Vaud, wakihamasishwa na mwanamazingira Franz Weber, walipiga kura kuilinda Lavaux ndani ya katiba ya jimbo. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2007, yaani miaka 30 baada ya wenyewe kuamua. Kwangu mimi kura ile ina uzito kuliko cheti. Mbio za marathoni za Lausanne, zinazofanyika mwishoni mwa Oktoba, zinapita barabara ya chini ya kuta hizo majani yakiwa yamegeuka manjano. Zingepita katikati ya majumba kama kura ingekwenda vingine.

Médoc, karibu na Bordeaux, sitaizungumzia sana, kwa sababu ardhi yake ni tambarare ya kokoto. Marathoni yake inajulikana dunia nzima: watu wamevaa mavazi ya vichekesho, wanaonja mvinyo mbele ya kasri baada ya kasri, na wana saa 6 na nusu za kumaliza. Ni sherehe nzuri, nami nawaelewa wanaoipenda. Lakini ni sherehe ya siku moja. Mwenye kasri anafungua lango, anakirimu, na kesho yake lango linarudi kufungwa.

Stellenbosch, Afrika Kusini, lango ndilo habari yenyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1679, miaka 20 baada ya mvinyo wa kwanza kukamuliwa katika Rasi ya Tumaini Jema. Mizabibu ile ilipandwa na kuvunwa na watumwa, wakiwemo walioletwa kwa meli kutoka Madagaska na Msumbiji, bahari yetu hii hii. Baada ya utumwa kukomeshwa, kwa miaka mingi vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara yake bado yanaonekana kwa watoto wanaozaliwa na ulemavu unaotokana na pombe aliyokunywa mama mjamzito. Leo njia nyingi nzuri za mbio ziko ndani ya mashamba ya watu binafsi. Unalipa, unapewa kibali, unapita. Kwa mtalii ni utaratibu mwepesi. Kwa mtoto wa kibarua aliyekulia ndani ya uzio ule ule, kibali cha kukimbia shambani ambako mababu zake walifanya kazi bila hiari ni jambo zito, na sioni namna ya kuusifu uzuri wa njia hizo bila kulitaja.

Hata msitu wa huko una sura nyingine. Bonde la Jonkershoek, ambako wakimbiaji wa Stellenbosch hupanda milima, lina misonobari iliyopandwa kwa safu badala ya vichaka vya asili vya fynbos. Tangu miaka ya 1930 wanasayansi wamepima humo maji ya vijito, na wakaona kuwa misonobari inakunywa maji mengi kuliko fynbos. Katika nchi kavu kama ile, kivuli anachokifurahia mkimbiaji kinalipiwa na mto unaopita mjini na mashambani. Pfalz msitu uliupa mzabibu nguzo. Hapa unaushindania maji.

Nasi tuna Dodoma. Hakuna msitu mnene huko, na vilima vyake ni majabali yaliyotawanyika kwenye nyika, lakini kuna mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, na utafiti wa zao hilo unafanyika Makutupora. Mashamba mengi ni ya wakulima wadogo. Vijia vinavyoyatenganisha ni vya kijiji: wanafunzi wanapita, ng'ombe wanapita, na anayetaka kukimbia asubuhi anasalimia "Mmeamkaje?" na kupewa njia. Kwa hali hiyo tuko karibu na Pfalz kuliko Stellenbosch, ila Pfalz ina sheria nyuma ya salamu.

Makao makuu ya nchi yanakua na viwanja vinapimwa kila upande. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kuonyesha njia za miguu kama unavyoonyesha malisho na makaburi. Wenyeji wa Chamwino na vijiji vingine vya zabibu wavichore vijia hivyo kwenye ramani sasa, kabla ya mnunuzi wa kwanza kuweka seng'enge.