Tengeru: Kijiji cha Wapoland chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Bariadi kwenda Moshi, akishalipita jiji la Arusha, hufika Tengeru, mahali panapojulikana kwa soko lake, migomba na vyuo. Wengi wapitao hapo hawafahamu kwamba tangu mwaka 1942 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na kijiji cha Wapoland, chenye kanisa, shule, hospitali na makaburi. Kwa kuwa mwezi Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote, tumeona vema kuwaeleza waamini habari za kijiji hicho.

Asili ya kijiji

Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi na Muungano wa Kisovyeti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, familia nyingi za mashariki mwa nchi hiyo ziliondolewa majumbani mwao kwa nguvu na kupelekwa Siberia na Kazakhstan, ambako wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Ujerumani ilipoushambulia Muungano wa Kisovyeti mwaka 1941, waliosalia walianza kuachiwa huru, na mwaka 1942 maelfu yao walivuka hadi Iran. Wanaume wenye nguvu waliingia jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wakiwemo yatima wengi, walitafutiwa hifadhi, na takriban 18,000 kati yao waliletwa katika makoloni ya Uingereza barani Afrika.

Hapa Tanganyika walikaa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro na Tengeru. Nchini Uganda walikaa Masindi na Koja. Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, ndiyo iliyokuwa makazi makubwa kuliko yote, yenye watu wapatao 5,000. Waliishi katika nyumba ndogo za mviringo zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi. Walilima, walisomesha watoto wao, na kanisani waliadhimisha Misa ileile ya Kilatini iliyoadhimishwa wakati huo katika misheni zetu.

Mwisho wa kijiji

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mashariki ya Poland ilibaki mikononi mwa Wasovyeti. Hivyo wengi wa wakimbizi hao hawakuwa tena na nyumba ya kurudia. Taratibu walitawanyika kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Mwaka 1949 Padre Lucjan Królikowski, Mfransisko, aliliongoza kundi la yatima wapatao 150 kutoka Tengeru hadi Kanada.

Walioondoka waliwaacha wafu wao. Makaburi takriban 150, yaliyozungushiwa ukuta, yapo hadi leo Tengeru, na katika mengi ya hayo wamelala watu waliookoka Siberia wakaja kuzikwa chini ya Mlima Meru. Uamuzi wa kuwaleta ulikuwa wa serikali ya kikoloni, lakini waliobaki na makaburi hayo ni wenyeji, na mikono ya Watanzania imeendelea kuyatunza.

Funzo kwetu

Septemba 1990 Mtakatifu Yohane Paulo II, mwana wa Poland, alipofanya hija nchini mwetu, alifika Mwanza na Moshi, nasi tulimpokea kama baba. Ndugu zake wa Tengeru walikuja kabla yake, bila shangwe, wakiwa maskini wasio na nchi.

Kukaribisha wageni, kuzika wafu na kuwaombea ni matendo ya huruma. Kwetu Usukumani msiba hauachiwi nyumba moja; jirani huja hata asipoitwa. Lakini ziko pia huku kwetu kaburi za wageni waliofia mbali na ukoo wao, zisizo na wa kuzifyekea majani. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinapokwenda makaburini mwezi huu, zisizipite kaburi hizo, na katika sala zao ziwakumbuke pia waliolala Tengeru.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.