Jina lako nani? (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu sasa hivi, tuendelee.

Kuna baba alimleta mkewe amezimia. Namuuliza jina la mgonjwa, ananiambia "Mama Neema." Jina kamili? Akatoa simu aangalie. Kwenye simu kaandika "Wangu." Faili lake tulikuwa nalo, lakini tulitafute kwa jina gani? Tulilipata baadaye, mama alipozinduka.

Usimcheke. Haya mambo yana historia.

Zamani shule ndiyo ilikuwa inagawa majina. Kule Qunu, Afrika Kusini, mtoto Rolihlahla Mandela aliingia darasani akiwa na miaka 7, mwalimu akampa jina Nelson siku hiyo hiyo. Kenya, Kamau wa Ngengi alisoma kwa wamisheni wa Kiskoti pale Thogoto, mwaka 1914 akabatizwa Johnstone. Alipokuwa mtu mzima akajiita Jomo Kenyatta. Kambarage wetu alianza shule Musoma mwaka 1934, akabatizwa Julius mwaka 1943, na majina yote mawili akaenda nayo mpaka mwisho. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1964 riwaya yake ya kwanza ilitoka kwa jina la James Ngugi. Baadaye hiyo James akaiacha.

Unaona? Jina la shule uliingia nalo ofisini, ukatambulika. Nyumbani ulibaki na lako.

Halafu simu ikaja. Facebook mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009. Sasa hakuna mwalimu wala padri, unajipa mwenyewe: leo Mrembo wa Tanga, kesho Mama wa Wawili. Mtu wa kawaida anajichagulia atakavyoonekana kwa watu asiowajua. Serikali nayo haikulala: mwaka 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nyuma ya Mrembo wa Tanga pakabaki jina moja rasmi.

Mimi sisemi lipi ni la kweli. Yote ni wewe, inategemea unaongea na nani. Ila ukiletwa kwangu hujitambui, mimi nalihitaji lile la kwenye kadi.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala, muulize mwenzako: "Jina langu kamili unalijua?"

Akishindwa, mfundishe. Halafu njoo uniambie, wewe shuleni walikuita nani?