Rosa Bonheur na Wanawake wa By

Mnamo mwaka 1853 wakazi wa Paris walionyeshwa mchoro wenye upana wa takriban mita 5: farasi wakubwa wa kazi wakizungushwa sokoni, mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma, vumbi limetimka. Ni "Soko la Farasi", ambalo leo limo katika Jumba la Sanaa la Metropolitan, New York. Aliyelichora ni mwanamke, Rosa Bonheur, mzaliwa wa Bordeaux, mwaka 1822.

Baba yake, Raymond, naye mchoraji, alifuata mafundisho ya Saint-Simon yaliyohubiri usawa wa mwanamke na mwanamume. Ndiye aliyemfunza binti huyu. Rosa aliingia machinjioni kuchunguza mifupa na misuli ya wanyama, na kwa mwaka mmoja na nusu akahudhuria soko la farasi mara mbili kwa wiki, amevaa kiume ili asisumbuliwe. Sheria ya Paris ilimkataza mwanamke kuvaa suruali bila ya kibali cha polisi. Kibali alichopewa mwaka 1857 kilikuwa cha miezi 6 tu. Muda ukimalizika, huomba tena.

Nje alilindwa na karatasi ya polisi. Nyumbani alilindwa na Nathalie Micas, sahibu yake tangu ujana, naye pia mchoraji. Baada ya Rosa kununua jumba la By, karibu na msitu wa Fontainebleau, mwaka 1859, walihamia huko pamoja na mama yake Nathalie. Wanawake hao wawili walibeba mambo ya nyumba, naye Rosa akabaki na farasi, ng'ombe, kondoo na brashi zake. Hapo By ndipo alipofuatwa na Malkia Eugénie mwaka 1865 kuvishwa nishani ya Légion d'honneur, wa kwanza miongoni mwa wanawake wasanii.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nakala ndogo ya "Soko la Farasi" iliyomo National Gallery, London, ilianzwa na mkono wa Nathalie, Rosa akaimalizia. Sifa ilimwendea mmoja.

Nathalie alifariki mwaka 1889. Mwaka huohuo Buffalo Bill alileta Paris maonyesho yake ya wapanda farasi wa nyanda za Marekani, na Rosa, katika majonzi, akamchora juu ya farasi mweupe. Mwaka 1898 alikuja By mchoraji wa Kimarekani, Anna Klumpke, kumchora Rosa, akabaki. Rosa alipofariki mwaka 1899, alimwachia Klumpke mali yake yote. Jamaa wakalalamika. Klumpke akaziuza kazi za marehemu kwa mnada, akagawana nao mapato, kisha mwaka 1908 akachapisha kitabu cha maisha ya Rosa.

Klumpke alifariki mwaka 1942. Katika makaburi ya Père Lachaise, Paris, wanawake hao watatu wamelazwa pamoja, ndani ya kaburi la ukoo wa Micas.