Moto wa Mvua Haukuletwa na Vidio za Majuu

Wasee, tuongee ukweli. Ukitafuta kwa simu saa hii jinsi ya kuwasha moto kwa mvua, utapata mzungu mwenye ndevu, kisu chake bei ni kodi ya nyumba miezi mitatu, na msitu wa Canada nyuma yake. Halafu vijana wa Nairobi wanaenda kempu Aberdare wakiamini hiyo elimu imetoka majuu. Mimi ni wa Mathare na nasema zii. Hii elimu ni ya hapa, na kuna sababu ya kihistoria hatukufundishwa.

Anza na Nyeri. Huko ndiko alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Alifariki Januari 1941, na kaburi lake linatazama Mlima Kenya. Vitabu vyake vilifundisha watoto wa dunia nzima kuwasha moto porini. Lakini Nyeri hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi mwaka wa 1920. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu ya vijana waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na wao hawakuwa wameenda kempu. Mwenye vitabu tunamkumbuka kama mwalimu. Hawa wengine waliitwa magaidi.

Sasa fikiria hali yao. Mianzi ya huko inamea kuanzia kama mita 2,400 kwenda juu. Ni ukungu, mvua, mara mawe ya barafu, na usiku baridi inaingia mpaka mifupani. Bila moto huli, na nguo hazikauki. Na kwa huo moto, kuna ndege za Waingereza juu, zilizoanza kupiga mabomu msituni 1953. Moshi ukitokea juu ya miti mchana, umejitangaza. Ndio maana walipika sana usiku au kabla ya mapambazuko.

Hapa ndipo sayansi inaingia. Kuni mbichi zinatoa moshi juu joto lote la kwanza linatumika kufukuza maji. Kwa hivyo kuni zilizolala chini, achana nazo, zimenyonya maji. Tafuta kilichokufa kikiwa kimesimama, au tawi kavu lililokwama juu. Pasua, juu mvua huloesha nje lakini mara nyingi katikati pamebaki pakavu. Chonga vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, kisha vya unene wa kidole, kisha vikubwa. Panga juu ya vijiti vingine, usiwashie kwa matope. Kuni zinazofuata zianike kando ya moto ule ule. Mwanzi uliokufa ukakauka unashika haraka, lakini upasue kwanza: hewa na unyevu vikifungiwa ndani ya pingili, unalipuka kwa mlio kama wa risasi. Kwa mtu anayejificha, hiyo si kelele ndogo.

Mathare inaingia wapi? Nairobi ndiyo ilikuwa ghala la msitu. Pesa, dawa, risasi na vijana wapya vilitoka huku Eastlands, vingi vikipitia mikono ya akina mama. Ndio maana mkoloni alibomoa nyumba za Mathare, na Aprili 1954 akaleta Operesheni Anvil, akazingira jiji na kusomba maelfu ya watu mpaka kambi za kizuizini.

Halafu kimya. Mau Mau ilipigwa marufuku 1950, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka 2003. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 50, 40 kati yake tukiwa tayari na bendera yetu. Mzee angeanzaje kumfunza mjukuu mambo ya msituni, na kikundi chake bado ni haramu kwa karatasi? Sanamu ya Kimathi pale tao ina bunduki na kisu. Aliyewasha moto na kupika uji gizani hana sanamu.

Na si ati hii ni stori ya zamani tu. Aprili 2024 mto ulipofurika hapa Mathare, watu walipoteza maisha, na waliobaki hawakuwa na kitu kikavu. Makaa yalikuwa yameloa, viberiti vimekuwa uji. Nilichoona mtaani kwetu ni akina shosho wakichukua usukani. Wanapasua mbao za kitanda kilichovunjika wakitafuta ule moyo mkavu, wanainua jiko juu ya mawe, wanaweka mkebe uliotobolewa juu ya makaa uvute hewa, na makaa mabichi yanapangwa pembeni yakauke pole pole. Na walitufokea: jiko lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa yake inaua ukiwa umelala. Ni kanuni zile zile za msituni. Na wiki chache baadaye, tingatinga zilikuja tena, safari hii za serikali yetu, zikabomoa nyumba za kando ya mto.

Kwa hivyo nenda kempu, sina shida. Lakini kabla ununue kile kisu, kaa na shosho au guka wako, washa simu urekodi, umuulize: mvua ikinyesha wiki nzima, mlikuwa mnapikaje? Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Anvil sasa wamepita 90. Wikendi hii si mbaya kuanza.