Mwanasaikolojia Tiba wa Watoto: Historia ya Jina

Mzazi wa Zagayu, wilayani Itilima katika Mkoa wa Simiyu, akiambiwa ampeleke mwanawe kliniki, huelewa mara moja kwamba mtoto akapimwe uzito na kuchanjwa. Maana hiyo imekwisha kukita mizizi nchini kote, wala hapana wa kuing'oa. Basi akielekezwa kwa "mwanasaikolojia wa kliniki", atadhani huyo ndiye mwenye mizani. Hiyo ndiyo taabu tunayokusudia kuichunguza hapa.

Asili ya neno kliniki ni Kiyunani, nalo latokana na kitanda: tabibu humwendea mgonjwa alipolala. Aliyeliunganisha na saikolojia ni Lightner Witmer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1896 mwalimu mmoja alimletea mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa tahajia. (Wenzetu wa lugha na watabasamu: taaluma nzima ilianzia kwenye kosa la tahajia.) Hapakuwa na kitanda wala homa. Hata hivyo, mwaka 1907 Witmer alieleza kwamba neno hilo ameliazima kwa matabibu kwa sababu hakupata lililo bora. Dhiki yake tumeirithi.

Mwaka huohuo wa 1896 Wajerumani walifungua kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kiwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye kiligeuzwa makao ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1927, wakati wa Waingereza, ikafunguliwa Mirembe huko Dodoma, na jina lake likawa kejeli ya mitaani. Hivyo huduma ya akili ilitujia ikiandamana na maneno kama wazimu, kichaa, punguani na taahira, ambayo watoto huyarusha kama mawe katika viwanja vya shule. Mzazi gani atampeleka mwanawe kwa mtu ambaye jina la kazi yake linanuka maneno hayo? Atamficha ndani, na miaka ya kumsaidia itapita.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iligeuza mkondo kwa kutanguliza afya badala ya ugonjwa. Neno usonji nalo limeenea, nalo halitukani.

Wako waliopendelea elimunafsi kuliko saikolojia. Ni neno tamu, lakini "mwanaelimunafsi" ni mzigo mdomoni. "Mshauri" halifai, kwani ushauri nasaha ulikwisha kutwaliwa na huduma za UKIMWI, na tena mtaalamu huyu hafanyi kazi ya kushauri tu. Hutazama mtoto anavyocheza, huwahoji wazazi na walimu, hupima kumbukumbu na usemi, ndipo apange njia ya kumsaidia. Huko Zagayu, mtoto akinyamaza darasani, swali lake la kwanza lapaswa kuwa: nyumbani husema lugha gani? Pengine aliyeitwa mzito wa akili ni msemaji hodari wa Kisukuma aliyekutana na Kiswahili juzi tu.

Imebaki "tiba". Twajua neno hili lanukia dawa, na kwa Msukuma lamkumbusha nfumu pamoja na zahanati, ilhali mtaalamu wetu hatoi dawa. Lakini tiba ni uponyaji kabla ya kuwa vidonge, kwa hiyo twapendelea mwanasaikolojia tiba wa watoto. Mzazi atauliza kama kuna sindano. Na aulize, hilo laweza kujibiwa mlangoni, mtoto akiwa amekwisha kufikishwa.