Toba ya Hadharani katika Uamsho wa Gahini
Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Daktari Joe Church, Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini, Rwanda. Wafuasi wake, ambao kwa Kiganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka, waliungama mbele ya watu wizi, chuki, hata kiburi cha rangi. Mzungu kumtaka radhi Mwafrika hadharani halikuwa jambo dogo zama zile. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuoni Mukono. Tegemeo lao Waswahili hulitaja kwa neno lenye asili ya Kiarabu, neema. Mkulima akisema mwaka wa neema, husifu mavuno tele. Muungamaji husifu msamaha asioulipia.